Mama akirudi kazini, nani anabaki na mtoto?

Baraka huamka mapema. Kabla jua halijatokea upande wa Ubwari, wamama wamekwisha kufika pwani kununua ndagala. Wengine wamebeba jembe wanaelekea kwenye mashamba ya mihogo. Wengine wamevaa nguo za kazi: huyu ni muuguzi, yule ni mwalimu, mwingine anauza duka au anafanya kazi kwenye ofisi ya shirika. Kila mmoja ameacha mtu nyumbani. Mara nyingi ni mtoto mchanga, na pamoja naye mtoto mwingine mkubwa kidogo, aliyeambiwa: «Mwangalie mdogo wako mpaka nirudi.»

Mama aliyekaa nyumbani miaka kadhaa akitaka kurudi kazini, jamii hubishana juu yake tu. Je, inafaa atoke? Bwana amekubali? Majirani watasema nini? Swali juu ya yule binti mdogo aliyebaki nyuma linaulizwa mara chache. Lakini hilo ndilo linaloonyesha kama nyumba imepanga jambo lake vizuri, au imetoa mzigo kwenye mgongo wa mama na kuupakia kwenye mgongo ulio dhaifu zaidi.

Kurudi kazini si kosa

Kwanza neno moja lisemwe wazi: mama anayerudi kazini hatendi kosa. Fizi inamhitaji. Chukua mfano wa mama muuguzi, wa namna inayopatikana katika mitaa mingi. Wazazi wake walikimbia vita vya 1996, wakavuka ziwa hadi Tanzania. Alikulia kambini Nyarugusu, akasoma huko. Kuanzia Oktoba 2005, meli za kurudisha wakimbizi zilipoanza kutoka Kigoma na kushusha watu Baraka, familia yake ilirudi. Akamaliza masomo, akaanza kazi, akaolewa. Alipozaa mtoto wa pili alisimamisha kazi. Miaka 4 imepita. Sasa kituo cha afya kinamwita tena, na mapato ya bwana, awe mvuvi au mchimbaji wa dhahabu kule Misisi, leo yapo na kesho hayapo.

Masomo ya mama huyo yaligharimu jasho la wazazi waliokuwa ukimbizini. Kuyaacha yaoze nyumbani ni hasara kwake, na pia kwa mwanamke mwingine anayefika kujifungua usiku na kukuta hakuna muuguzi wa kumpokea.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kufanya mapatano mbele ya sheria, hata mapatano ya kazi. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa bwana na bibi wanatakiwa kupatana kila mmoja anapotaka kujifunga kwa kazi atakayoifanya mwenyewe. Wababa wengi wamesikia nusu tu ya neno hilo. Wanajua kwamba bibi lazima apatane nao. Hawajasikia kwamba wao pia, kabla ya kwenda Misisi miezi 6, wanapaswa kupatana na bibi. Na mapatano ya namna hiyo hayawezi kukamilika bila kujibu swali la watoto: nani atabaki nao?

Zamani mikono ilikuwa mingi

Wazee watasema kwamba swali hilo ni la kisasa, kwamba zamani mama alienda shambani na mtoto hakukosa wa kumshika. Ni kweli. Bibi mzaa baba alikuwa uani, mama mdogo alikuwa nyumba ya pili, wake wenza na mashemeji walikuwa karibu. Mtoto akilia, mikono ilikuwa mingi.

Vita vimepunguza mikono hiyo. Bibi mzaa baba huenda alibaki Nyarugusu. Mama mdogo ameolewa Lubumbashi au amekimbilia Kalemie. Nyumba nyingi za Baraka leo ni za baba, mama na watoto peke yao, kwenye kiwanja walichonunua au kukodi, kando ya majirani waliotoka Mutambala, Lulenge, Ngandja au Uvira. Ndiyo sababu mama anayerudi kazini analazimika kutafuta mtu wa nje. Ameufikia uamuzi huo kwa kukosa ndugu wa karibu. Kumwambia afanye kama zamani ni kumtuma kwa watu ambao hawapo tena.

Basi anatafuta. Na mara nyingi anaambiwa: «Kuna binti kule kijijini, wazazi wake hawana kitu, mchukue akusaidie.» Binti mwenyewe ana miaka 11, au 12, au 13. Anaweza kuwa ameshuka kutoka milima ya juu kwa sababu ya mapigano. Anaweza kuwa mtoto wa wakimbizi wa Burundi walioingia tangu 2015, wanaoishi Lusenda au Mulongwe. Anaweza pia kuwa mtoto wa kaka wa bwana mwenye nyumba. Anafika na mfuko mmoja wa plastiki. Anaonyeshwa mbabula, bidoni za maji, na mtoto wa kubeba mgongoni.

Mtoto wa nyumba, au mfanyakazi?

Hapo ndipo maneno ya undugu yanapoficha kazi. Mwenye nyumba anamwita «binti yangu», naye anajibu «ndiyo, mama». Heshima hiyo ni nzuri, na hakuna anayetaka ipotee. Lakini kwa sababu yeye ni «binti», mshahara hautajwi. Na kwa sababu yeye si binti kabisa, shule nayo haitajwi. Watoto wa nyumba wanavaa sare asubuhi, yeye anawafungia mlango. Wakila, yeye anangoja sufuria. Jioni wakifungua daftari, yeye anaosha vyombo.

Nyumba inapaswa kuchagua moja. Ikiwa huyo ni mtoto wa nyumba, basi awe mtoto kweli: aandikishwe shule, ale pamoja na wenzake, na kazi anazofanya ziwe zile ambazo mtoto wa kuzaa wa umri huo angepewa. Katiba ya 2006 inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure kwenye shule za serikali, na tangu Septemba 2019 agizo hilo limeanza kutekelezwa. Ikiwa yeye ni mfanyakazi, basi awe mtu mzima mwenye mapatano, saa za kazi, siku ya kupumzika na malipo yanayotolewa mwisho wa mwezi. Kumfanya mtoto wakati wa kulipa, na mfanyakazi wakati wa kuamka, ni kumnyima pande zote mbili.

Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto haina mzunguko. Mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Ni marufuku kumwajiri aliye chini ya miaka 16. Mwenye miaka 16 hadi 18 anaweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya. Kubeba bidoni ya lita 20 mara 5 kwa siku na kulinda mtoto mchanga kutoka asubuhi hadi jioni si kazi nyepesi, hata ikifanyika ndani ya nyumba ya ndugu.

Wako watakaojibu: «Kwao alikuwa analala njaa. Hapa angalau anakula.» Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na wanaolisema si watu wabaya. Kumpokea mtoto mwenye njaa ni tendo jema. Lakini tendo jema halidai deni lake kwa kumtoa mtoto shuleni. Kama nyumba ina chakula cha kumpa, inaweza pia kumpa nusu siku ya kusoma, hasa pale ambapo shule zina zamu ya asubuhi na zamu ya mchana.

Zaidi ya hayo, nyumba yenyewe inajiweka hatarini. Fizi ni eneo ambalo kipindupindu hakiishi kabisa. Ugonjwa huo unaweza kumwua mtoto mdogo ndani ya saa chache. Anayebaki na mtoto lazima ajue kusafisha maji, kunawa mikono, kutambua kwamba kuhara huku si kwa kawaida, na kuwa na ujasiri wa kufunga mlango na kukimbilia kituo cha afya bila kungoja ruhusa. Uamuzi huo ni wa mtu mzima. Binti wa miaka 11 atangoja mama arudi, kwa sababu anaogopa kugombezwa.

Kuna pia hatari inayosemwa kwa sauti ya chini. Binti asiye na wazazi karibu, anayelala jikoni au sebuleni, hana wa kumtetea mgeni, kijana wa nyumba au mwenye nyumba mwenyewe anapomwendea usiku. Mara nyingi mambo hayo yanamalizwa kwa mbuzi, au binti anarudishwa kwao kimya na tumbo lake. Sheria za 20 Julai 2006 zinauita ubakaji kwa jina lake. Na mtu asiseme kwamba sheria ni maneno ya Kinshasa: Februari 2011 mahakama ilikaa Baraka yenyewe, ikamhukumu afisa wa jeshi na askari wake kwa ubakaji uliotendeka Fizi siku ya mwaka mpya. Kama mahakama iliweza kumfikia afisa mwenye bunduki, inaweza kufika kwenye nyumba ya raia.

Mtoto wa miezi 2

Tatizo linakuwa kali zaidi kwa mama ambaye hakukaa nyumbani miaka, bali amejifungua juzi. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inampa wiki 14 za mapumziko ya uzazi: 6 kabla ya kujifungua, na zisizozidi 8 baada yake. Kwa hesabu hiyo, siku mama anaporudi kazini, mtoto ana miezi 2 hivi. Lakini waganga wanafundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Kati ya miezi 2 na 6 mtoto anyonye wapi? Sheria ileile inatoa njia: mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili kwa siku, kila moja nusu saa, na muda huo unahesabiwa kama kazi. Wamama wengi hawalijui jambo hili, na waajiri wanaolijua hawalitangazi. Ndiyo maana wamama huishia kunyonyesha kwa kujificha, kama watu waliotoroka kazi: binti anamleta mtoto amefungwa kwa kikwembe, mama anatoka mbio, ananyonyesha nyuma ya jengo, anarudi ndani.

Chumba kimoja kidogo chenye mkeka, kivuli na maji safi kingemaliza aibu hiyo. Hospitali, shule kubwa na mashirika yenye ofisi Baraka hayahitaji mradi wa dola elfu kwa jambo hilo. Yanahitaji mkubwa mmoja aseme kwamba chumba fulani, kuanzia leo, ni cha wamama wanaonyonyesha.

Mshahara wa yaya unatoka wapi?

Mama anapofikiri kumwajiri mtu mzima, jambo la kwanza linalomzuia ni fedha. Na hesabu yenyewe hufanywa vibaya. Ikiwa mama atapata franka 250.000 kwa mwezi, na yaya anaomba 90.000, watu wa nyumba husema: «Basi unafanya kazi kwa ajili ya yaya.» Mama anakata tamaa, au anamtafuta binti wa bure.

Hesabu hiyo inasahau kwamba mtoto ana wazazi wawili. Mshahara wa yaya hautakiwi kutoka kwenye mshahara wa mama peke yake. Ni gharama ya nyumba, kama kodi, makala na unga wa mihogo. Bwana akileta 300.000 na bibi 250.000, nyumba ina 550.000. Yaya akilipwa, zinabaki 460.000. Zamani zilikuwa 300.000. Nyumba imesonga mbele, yaya naye amepata cha kumlisha wake. Hakuna aliyefanya kazi bure.

Lakini lazima ukubaliwe ukweli mwingine: wako walimu wengi ambao bado hawajaingizwa kwenye malipo ya serikali, na wauguzi wanaoishi kwa kugawana kidogo kinachoingia kwenye kituo. Mama wa namna hiyo atalipa nini? Kwake, njia ni kupunguza saa na kuunganisha nguvu. Wamama watatu wa mtaa mmoja wanaweza kumlipa pamoja mama mmoja mtu mzima, kila mmoja atoe 40.000. Yeye anapata 120.000, zaidi ya ambazo angepata kwenye nyumba moja, na kila mama anatoa chini ya nusu ya bei ya kuajiri peke yake. Isipokuwa watoto wote watatu wasiwe wachanga wa kubebwa, maana mgongo ni mmoja.

Wamama wa Kivu Kusini hawahitaji kufundishwa kuungana. Wana muso, wana likelemba. Wamekwisha kuonyesha kwamba watu wasio na kitu wanaweza kutunza fedha pamoja bila kuibiana. Muso inayokopesha mtaji wa ndagala inaweza pia kuweka sanduku la kulea watoto. Makanisa na misikiti ina vyumba vinavyokaa tupu kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Chumba kimoja, mikeka, ndoo ya kunawia na mama wawili wanaolipwa kinatosha kuanzia.

Mapatano yenyewe yafanywe mapema. Yaya aanze juma moja au mawili kabla ya mama kurudi kazini, ili mtoto amzoee na mama amwone anavyofanya. Yatajwe bila aibu: saa ya kufika na ya kuondoka, kazi zilizomo na zisizokuwemo, malipo na tarehe yake, siku ya kupumzika, nani atalipa dawa akiugua. Mtu mmoja asiulizwe kulea mtoto mchanga, kuchota maji, kufua, kutwanga sombe na kulinda duka kwa siku moja. Anayepewa yote hayo ataacha moja, na mara nyingi atakaloacha ni mtoto, kwa kuwa sufuria ikiungua inaonekana, lakini mtoto aliyekaa bila kuangaliwa haonekani mpaka aumie.

Bwana naye yuko nyumbani

Katika mipango yote hii, kuna mtu mzima anayesahauliwa. Baba anarudi jioni, anakaa, anaomba maji ya kuoga. Akichota maji mwenyewe, wenzake wanacheka: «Bibi amemlisha dawa.» Mzaha huo mdogo umewafunga wababa wengi ambao mioyoni wangependa kusaidia.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa kwenye lubunga, pale ambapo Babembe wamezoea kupima maneno mazito. Wazee waulizwe: ni nini kinachoshusha heshima ya mwanaume? Kubeba mtoto wake saa moja wakati bibi anapika, au kuruhusu binti wa mtu mwingine akose shule ili yeye asionekane na bidoni? Wababa wengi waliishi kambini, walipanga foleni ya maji na ya chakula, walilea wadogo zao. Mikono hiyo haikusahau kazi. Bwana akichukua maji ya asubuhi na kumpeleka shule mtoto mkubwa, saa za yaya zinapungua, na malipo yanawezekana hata kwa nyumba yenye kidogo.

Serikali ina sehemu yake pia. Wakaguzi wa kazi huonekana, kama wanaonekana, kwenye makampuni. Nyumba haziguswi. Viongozi wa mitaa wanajua nyumba zenye watoto wasiosoma, na wakuu wa shule wanajua ni binti yupi aliyetoweka katikati ya mwaka. Kumfuata na kuuliza yuko wapi hakuhitaji bajeti.

Kila mwaka, 16 Juni, Afrika inawakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976 kwa kudai elimu inayowafaa. Tarehe hiyohiyo, mwaka 2011, mkutano wa kazi wa dunia huko Geneva ulipitisha mkataba unaosema kwamba kazi ya nyumbani ni kazi, na anayeifanya ni mfanyakazi mwenye haki. Siku moja inamzungumzia mtoto wa shule na mtumishi wa nyumba. Katika Fizi, mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja.

Limebaki swali moja ambalo mama anayerudi kazini anapaswa kuuliza siku ya mapatano. Yaya mtu mzima naye mara nyingi ni mama: mjane, mkimbizi, au aliyeachwa na bwana aliyekwenda machimboni. Kabla ya kutaja malipo, mwenye nyumba amwulize: «Mama, ukija hapa kwangu, wako wanabaki na nani?» Akijibu kwamba binti yake mkubwa ataacha shule awaangalie, basi tatizo halijaondoka, limehamia tu mtaa wa pili. Hapo wapange pamoja: saa zipungue, au aje na mdogo wake, au malipo yamwezeshe kumlipa jirani. Mama aliyejiuliza swali hilo juu ya watoto wake anaweza pia kuliuliza juu ya watoto wa mwenzake.